Vifungo mia moja: shajara ya mradi wa ushonaji ulioanzia gerezani

Haya nimeyanakili kutoka daftari langu la darasa la ujasiriamali gerezani. Kozi ilikuwa ya wiki 16, vipindi viwili kwa wiki, saa mbili kila kipindi. Majina ya wenzangu na ya walimu nimeyaondoa. Makosa yangu ya hesabu nimeyaacha yalivyo, maana ndiyo yaliyonifundisha zaidi.

Wiki ya 1

Mwalimu kaingia na mkebe wa bati, kauweka mezani, kasema, "Leo kila mmoja wenu atapewa vifungo mia moja." Darasa likanyamaza. Mzee aliyekaa nyuma yangu akajibu taratibu, "Mwalimu, mimi hiki kimoja nilichonacho kinanitosha." Tulicheka mpaka afande akachungulia mlangoni.

Ni vifungo vya shati, vimetoka karakana ya ushonaji. Fedha haturuhusiwi kushika, kwa hiyo hivi ndivyo mtaji wetu wa mazoezi. Kipindi kikiisha vinahesabiwa, vinarudi mkebeni, na salio la kila mtu linaandikwa. Tuko 22.

Nilidhani swali la kwanza litakuwa "utauza nini". Mwalimu akauliza, "Una nini tayari?" Niliandika: sina kitu. Akanirudishia karatasi, akasema nikae nayo hadi kipindi kijacho. Usiku nikaongeza: miaka minne kwenye cherehani za karakana, naweza kubadilisha zipu ya suruali, naweza kupiga pindo lisiloonekana, macho bado mazima. Nilipomaliza nikashangaa kwamba ukurasa umejaa.

Wiki ya 2

Kazi ya wiki hii imenisumbua kuliko zote hadi sasa. Tuandike ukurasa mmoja: nilifikaje hapa. Mwalimu hakuuliza kwa udadisi. Alisema atakayekukopesha uraiani atataka kujua, na wewe uwe umeshajijua kabla yake.

Mimi nilikuwa mtunza ghala. Nilifungwa kwa wizi wa kuaminiwa. Kwenye ukurasa wangu niliandika, "Nilikuwa nakopa kidogo kidogo kutoka mauzo, nikiwa na nia ya kurudisha." Sentensi hiyo nimeisema mara nyingi sana. Nilimwambia mke wangu, nikawaambia ndugu, niliisema hata mahakamani. Mwalimu alipoisoma hakubisha. Aliniuliza tu, "Aliyekukopesha ni nani?"

Nikasema kampuni. Akauliza, "Ilijua?"

Sikujibu. Kipindi kikaisha, nikarudi selo na daftari.

Wiki ya 3

Tumeanza hesabu. Tunatumia mfumo wa pande mbili, ule ambao mtawa wa Kiitalia Luca Pacioli aliueleza kwenye kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Wafanyabiashara wa huko walikuwa wakiutumia tangu zamani, yeye akauweka kwenye maandishi. Kila tukio linaandikwa mara mbili, kilikotoka na kilikokwenda, na pande mbili zisipolingana ujue kuna kitu kimesahauliwa au kimefichwa.

Nikachukua penseli nikajaribu kuuandika ule "mkopo" wangu kwa mfumo huu. Upande wa mkopaji: nimepokea. Upande wa mkopeshaji: hakuna aliyetoa. Mkopo una watu wawili wanaojua. Wangu ulikuwa na mtu mmoja, na huyo mmoja alikuwa akifuta. Nimekaa na ukurasa huo jioni nzima. Nimekata neno "nakopa", juu yake nikaandika "naiba". Miaka minne sikuwahi kuliandika neno hilo kwa mkono wangu mwenyewe.

Naliweka hapa kwa ajili ya yeyote atakayeingia darasa la namna hii akidhani hesabu ni sehemu ya biashara, na mabadiliko ya tabia ni sehemu nyingine, ya viongozi wa dini na washauri. Kwangu vilikuja pamoja, kwenye mistari ya daftari moja.

Wiki ya 4

Soko la darasani limefunguliwa. Kila Alhamisi, kwa muda wa saa moja, afande akiwepo, tunauziana huduma kwa vifungo. Kijana mmoja anaandika barua kwa hati nzuri ajabu. Mwingine anafundisha kugawanya. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza nguo. Zipu kwa vifungo 5, pindo kwa 2. Kazi zenyewe tunazifanya karakana, muda wa ziada, na vifaa tunavinunua kwa vifungo kutoka mkebe wa mwalimu.

Zipu naipenda. Ni kazi ya fundi. Pindo mtu yeyote anaweza.

Wiki ya 5

Hakuna darasa. Ukaguzi, tumefungiwa selo siku zote tano.

Wiki ya 6

Leo hesabu imeniumbua. Tangu soko lianze nimebadilisha zipu 12, nimepokea vifungo 60, na moyoni nilishajihesabia faida ya 60. Mwalimu akaniomba niandike kila kilichotoka. Zipu 12 kwa vifungo 2 kila moja, 24. Uzi, 6. Sindano zilizovunjika, 4. Jumla 34, zimebaki 26. Nikashusha pumzi nikidhani tumemaliza. Akauliza kama kuna iliyorudishwa. Zilirudi mbili, meno hayakukutana vizuri, nikazirudia bure: vifungo 4 vya zipu na kimoja cha uzi. Zimebaki 21.

Kisha akauliza muda. Mimi husema zipu ni dakika 20. Zile 20 ni za kushona tu, sikuwahi kuhesabu kufumua ya zamani, kuchomoa nyuzi na kupiga pasi. Ukweli ni dakika 35. Zipu 14 kwa dakika 35 ni zaidi ya saa nane. Vifungo 21 kwa saa nane ni kama viwili na nusu kwa saa.

Pindo nalo? Dakika 12, kwa hiyo matano kwa saa, vifungo 10. Uzi nusu kifungo kila moja. Zinabaki 7 na nusu kwa saa. Kazi niliyoidharau inalipa mara tatu ya ile ninayojivunia.

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilitaka kumwambia kwamba zipu inaleta heshima. Alinitangulia: "Zipu usiache. Ipandishie bei, au ifanye kwa wateja wa pindo tu." Nitaipandisha hadi 8.

Wiki ya 7

Tumegawanywa vikundi vya watu watano watano, viwili vina sita. Mwalimu alitueleza habari za Muhammad Yunus wa Bangladesh. Mwaka 1976, katika kijiji cha Jobra, aliwakopesha watu 42 jumla ya dola 27 tu kutoka mfukoni mwake, na mwaka 1983 kazi hiyo ikawa Benki ya Grameen. Benki za kawaida ziliwakataa watu wale kwa kukosa dhamana. Yeye akawapanga vikundi vya watano, na jirani anayekufahamu akashika nafasi ya hati ya nyumba.

Hadithi hiyo imenigusa mahali pabaya. Mtu wa Jobra alikosa mali, lakini hakuna aliyekuwa na sababu ya kumshuku. Mimi nikitoka nitakuwa na upungufu wa aina nyingine. Anayenifahamu vizuri ndiye mwenye sababu zaidi ya kutonikopesha.

Kikundi chetu kilitaka mweka hazina, wakanitaja kwa sababu naandika vizuri. Nikaomba kusema kitu kwanza. Nikawaeleza kosa langu, kwa neno lake halisi. Kukawa kimya. Mzee wa vifungo, ndivyo tunavyomwita tangu siku ile ya kwanza, akasema, "Basi wewe ndiye unajua mwizi anavyofanya. Hesabu kwa sauti, wawili wakisikia." Wakakubaliana hivyo. Kila salio linasomwa kwa sauti, watu wawili wanaweka sahihi.

Wiki ya 8

Vimepungua vifungo 6.

Daftari la kikundi linasema 131, mkebe wetu una 125. Tumehesabu mara tatu. Hakuna aliyenitaja, ila nilihisi macho yao shingoni. Joto lilinipanda kama siku ile ghalani wakaguzi walipofungua kabati. Nikajikuta nikitafuta maneno: labda mkebe umemwagika, labda kikundi kingine. Maneno yalikuja yenyewe, yamejipanga, kama yalikuwa yakinisubiri. Hilo limenitisha kuliko vile vifungo 6.

Nikanyamaza kwa nguvu. Nikasema, "Sijui viko wapi. Tupitie mstari kwa mstari." Tulianza juu kabisa, kijana wa barua akisoma, mimi nikiweka kidole. Mstari wa 19: mapindo matatu, suruali za Mzee wa vifungo, vifungo 6, vimepokelewa. Mzee hakuwepo darasani, yuko zahanati tangu Jumanne. Hajalipa. Nilimkabidhi suruali zake, nikaandika "zimelipwa" kwa mazoea.

Kosa lilikuwa langu, na halikuwa wizi. Sikuwa nimewahi kutenganisha vitu hivyo viwili. Zamani kila kosa langu la hesabu nililificha kama wizi, hadi wizi wenyewe ukapata pa kujificha. Tumeongeza safu mpya daftarini: *anadaiwa*. Mzee alilipa alipotoka zahanati, akalalamika kwamba pindo la mguu mmoja limepinda. Kweli lilikuwa limepinda.

Wiki ya 9

Siku ya maktaba. Nimesoma zile Kanuni za Nelson Mandela, ndizo kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa. Za mwanzo ni za 1955, na zilizorekebishwa zilipitishwa na Baraza Kuu tarehe 17 Desemba 2015. Zipo 122. Kanuni ya 104 inahusu elimu: iendane na mfumo wa elimu wa nchi, ili mtu akitoka aendelee bila kukwama. Ya 103 ndiyo iliyonivuta: mfungwa alipwe kwa haki kwa kazi yake, aruhusiwe kutumia sehemu na kupeleka nyingine nyumbani, na sehemu iwekwe akiba apewe siku ya kutoka. Kanuni hizi si sheria zenye nguvu peke yake, kila nchi hufuata kwa kadiri yake. Nimemwandikia afande wa karakana kuuliza akiba yangu imefika wapi. Sikuwahi kuuliza.

Mwalimu alituletea pia taarifa ya utafiti wa shirika la RAND la Marekani, ya 2013, iliyokusanya tafiti nyingi za elimu gerezani. Waliosoma walikuwa na uwezekano mdogo wa kurudi gerezani kwa asilimia 43 kuliko wasiosoma. Darasa lilifurahi. Mimi nikauliza kama hao waliojiunga si wale waliokwisha kuamua kubadilika. Mwalimu akasema ni swali halali, watafiti nao wanalijua, ndiyo maana tafiti huzipima kwa ubora wake na kuzipa uzito tofauti. Akaniuliza mimi niliamua lini. Nikatazama nyuma: nilijiunga kwa sababu darasani kuna feni. Uamuzi ulikuja wiki ya 3.

Tumeambiwa pia kwamba kule Texas upo mpango wa ujasiriamali magerezani tangu 2004, na wanafunzi wake huhitimisha kwa kutetea mpango wa biashara mbele ya wafanyabiashara wa nje. Sisi tutafanya hivyo wiki ya 15.

Wiki ya 11

Ya 10 imepita na kuandika mpango tu. Hii ya 11 sitaisahau.

Zoezi: mteja anauliza, "Hii miaka yote ulikuwa wapi?" Afande, yule anayechungulia mlangoni, alijitolea kuwa mteja. Alikaa kitini na koti lake mkononi.

Jibu langu la kwanza: "Nilikuwa mbali kikazi." Afande akaangalia chini. Darasa likaguna.

La pili nilimwaga kila kitu: ghala, mahakama, mke wangu alivyoondoka. Nilipomaliza alikuwa ameshikilia koti lake kwa mikono miwili. Mwalimu akasema, "Alikuja kurekebisha mkono wa koti. Umempa mzigo wako wote aubebe."

La tatu nililiandika kwanza: "Nilifungwa, kwa kosa la kuiba kazini. Ushonaji nimejifunzia huko. Kila nguo inayoingia naiandika, unabaki na nakala." Afande alikaa kidogo, akauliza, "Nakala naipata leo?" Nikamwandikia pale pale: koti moja, kijivu, mkono wa kushoto, litakuwa tayari Alhamisi. Akaikunja karatasi, akaiweka mfuko wa shati.

Alhamisi alikuja nayo. Sikutegemea. Lile koti lilikuwa lake kweli, na mkono ulikuwa umechanika kweli.

Wiki ya 13

Nimeandika barua mbili. Ya kwanza kwa mwajiri wangu wa zamani. Sijaomba kitu. Nimeandika nilichochukua, kiasi ninachokumbuka, na neno lenyewe. Nimeikabidhi ofisini ikaguliwe kama barua zote.

Ya pili kwa dada yangu. Nyumbani kwake kuna cherehani ya marehemu mama, ya kukanyaga kwa miguu. Nimemwomba niitumie miezi sita, pale pale barazani kwake, na nimemwekea masharti yangu mwenyewe: daftari likae kwake, kila Jumamosi alikague na kuweka sahihi.

Wiki ya 14

Dada amejibu. Mistari mitatu. "Cherehani ipo, mkanda umekatika. Utaitumia mchana. Ufunguo wa kabati la fedha utabaki kwangu."

Mwanzoni ule mstari wa ufunguo ulinichoma. Nimeusoma tena asubuhi. Hajasema hapana, na hajajifanya kusahau. Nimeuweka kwenye mpango wa biashara kama ulivyo, chini ya kichwa *Usimamizi wa fedha*.

Mwajiri wa zamani bado kimya.

Wiki ya 15

Dakika saba mbele ya watu wanne, wawili kutoka nje. Tumebaki 17. Wawili walihamishwa gereza, mmoja ametoka, wawili waliacha.

Nilieleza mapindo na marekebisho madogo, zipu kwa bei ya juu, nakala kwa kila mteja. Hesabu za gharama walizipitia bila kukuta tundu. Kisha mama mmoja, fundi mwenyewe, akaniuliza, "Mteja akiacha suruali na asirudi, utafanyaje?" Sikuwa na jibu. Miaka minne nimeshona kwa watu wasioweza kwenda popote. Nikasema sijui, nitalifanyia kazi, nikaliandika mbele yake. Alisema kwake yeye huchukua nusu ya malipo mwanzoni na huweka tangazo la siku 90. Nimelinakili.

Mpango wa kijana wa barua ndio ulioshika nafasi ya kwanza, na alistahili.

Wiki ya 16

Vyeti. Mkebe umehesabiwa mara ya mwisho, vifungo vyote vimerudi isipokuwa kimoja. Mzee alikiri amekishona kwenye shati lake, pale kilipokosekana. Mwalimu akamwandikia: *anadaiwa 1*.

Uraiani, wiki ya 3

Akiba ya karakana nilipewa siku ya kutoka, na risiti. Imetosha mkanda wa cherehani, mafuta, sindano, uzi wa rangi sita, na kiasi kimebaki.

Wiki hii: mapindo 9, zipu 2, mkono wa shati 1. Anayedaiwa ni mmoja. Suruali moja imekaa siku 12, mwenyewe hajaonekana, nusu alilipa.

Jirani aliuliza swali lile, mbele ya watu wawili wengine. Nilitoa jibu la tatu. Mmoja wa wale wawili aliondoka na nguo yake. Jirani aliacha gauni la binti yake, akachukua nakala.

Jumamosi dada alikaa na daftari kwa muda mrefu. Alikuta mstari ambao sikuujumlisha, akauweka alama ya kalamu nyekundu, nikausahihisha, akaweka sahihi. Ufunguo akaurudisha kwenye kanga yake, akafunga fundo.

Wiki ijayo: kumtafuta mwenye suruali. Kubadilisha sindano, hii imeanza kuruka mishono.